Umehamia Jiji la Baridi Inayobadilika Kila Saa: Mwongozo Kamili wa Kuizoea

Naandika haya kwa sababu kosa ni lilelile kila msimu. Mtu anahamia jiji lenye baridi, ananunua koti zito kuliko yote aliyowahi kuyaona, anajifunika gubigubi, anatoka. Kituoni upepo unampenya. Ndani ya basi jasho linamtiririka. Akishuka, jasho lile linapoa mgongoni kama maji ya mtungi, na jioni yuko kitandani akisema mwili wake haukuumbwa kwa nchi hii.

Mwili wake ni mzima. Ila koti lile linajua kazi moja tu, na hali ya hewa ya jiji lile inageuka mara nne kabla ya jua kuzama: alfajiri ukungu, saa nne jua, saa nane mvua ya upepo, jioni anga jeupe na baridi ya kuuma mifupa. Nimeishi na siku za namna hiyo miaka kadhaa, na karibu kila kosa ninaloonya hapa nimelifanya. Lililoniokoa ni kuelewa kwamba adui wa kwanza ni maji, wa pili ni upepo, na baridi yenyewe ni wa tatu. Shika mpangilio huo, maana hatua zote zimejengwa juu yake.

## Vitu utakavyohitaji

Usinunue vyote siku moja. Anza na viatu na koti la nje, kisha kaa wiki moja ukitazama wenyeji wamevaa nini saa za kwenda kazini. Wao wameshajifunza kwa gharama zao. Nguo za mtumba zinafaa kabisa, mradi ukague zipu na mishono.

- Fulana mbili za ndani za mikono mirefu, za kubana kidogo, za sufu nyembamba au poliesta. Pamba hapana, sababu iko kwenye Hatua ya 2.
- Suruali moja ya ndani ya kubana, ya kitambaa kama hicho.
- Sweta la sufu au jaketi la flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi), lenye zipu mbele.
- Koti la nje lisilopitisha upepo wala mvua, lenye kofia yake, pana kiasi cha kuvalia sweta ndani.
- Viatu visivyoingiza maji, soli nene yenye meno.
- Soksi za sufu jozi nne.
- Kofia ya kufunika masikio, skafu, glavu.
- Kipimajoto cha chumbani kinachopima na unyevu wa hewa. Ni kifaa kidogo na cha bei nafuu, na watu wengi hukiruka. Mimi ningekinunua kabla ya sweta la pili.
- Mafuta mazito ya mgando ya ngozi, na ya midomo.
- King'ora cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu), kama nyumbani kuna kitu chochote kinachochoma gesi, kuni, mafuta au mkaa.

Mwavuli sikuuweka kwa makusudi. Jiji lenye mvua ya kubadilika karibu kila mara lina upepo, na upepo unauvunja. Kofia ya koti inakuachia mikono yote miwili.

## Hatua ya 1: Soma utabiri kwa saa

Namba kubwa inayoonyeshwa kwa kila siku kwenye utabiri wa simu kwa kawaida ni joto la juu kabisa la siku hiyo. Joto hilo hufika alasiri. Wewe unatoka asubuhi, na saa ya baridi kali kuliko zote huwa karibu na mawio, wakati ardhi imepoteza joto usiku kucha na jua bado halijarudisha kitu.

Kwa hiyo fungua utabiri wa saa kwa saa, uangalie nyakati tatu: utakapotoka, mchana, na utakaporudi. Tofauti kati ya nyakati hizo ndiyo inayokuambia ubebe nini. Siku yenye nyuzi 6 kutwa ni rahisi kuivalia kuliko siku inayoanza na nyuzi 2 na kufika 15.

Kisha tazama upepo. Utabiri mwingi hutoa "joto linalohisiwa", na hiyo ndiyo namba ya kuvalia. Nyuzi 5 pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa kama sifuri. Nyuzi sifuri na upepo huohuo ni kama 6 au 7 chini ya sifuri. Ngozi huwa imezungukwa na utando mwembamba wa hewa iliyopashwa na mwili wenyewe. Upepo unaupeperusha utando huo, mwili unapasha mwingine, nao unapeperushwa.

Mvua nayo inasomwa vibaya. Asilimia 40 ya mvua haisemi kwamba itanyesha sehemu ya siku. Inasema kwamba katika siku kumi zinazofanana na hii, nne zitanyesha hapo ulipo. Ukiona 40 saa ya kurudi nyumbani, beba koti.

Mambo mawili ya kuangalia kwa macho yako. La kwanza, usiku usio na mawingu huleta alfajiri kali, kwa kuwa mawingu ni kama blanketi la ardhi. La pili, upepo ukigeuka ghafla, mvua ikamwagika kwa muda mfupi kisha anga likasafika, usishangilie: mara nyingi ni hewa baridi iliyoingia na kuisukuma ya joto, na ndani ya saa moja au mbili joto linaweza kushuka nyuzi kadhaa. Wageni wengi hudanganywa na jua linalotoka baada ya mvua hiyo, wakaacha sweta ofisini.

Utajuaje umeiweza hatua hii? Kila asubuhi toa mkono dirishani, kisia ni nyuzi ngapi, halafu linganisha na simu. Ukianza kukosea kwa nyuzi mbili au tatu tu, umeshaisoma hewa ya jiji lako.

## Hatua ya 2: Vaa matabaka matatu, kila moja na kazi yake

Nguo haitoi joto. Inachofanya ni kuizuia hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayokukinga. Ndiyo maana nguo tatu nyepesi hukaa na joto kuliko moja nzito: kati ya nguo na nguo kuna hewa iliyonaswa. Na nguo tatu unaweza kuzipunguza ukiwa njiani, lakini koti moja zito ama unalo ama huna.

Tabaka la kwanza, linalogusa ngozi, kazi yake ni kuondoa jasho. Hapa ndipo pamba inapowaangusha watu. Pamba hunyonya maji na kukaa nayo, na maji hubeba joto la mwili takribani mara 25 kuliko hewa. Fulana ya pamba iliyolowa jasho ni sawa na kuvaa kitambaa cha maji baridi chini ya koti zuri. Poliesta hunyonya kidogo sana na hukauka upesi. Sufu hunyonya, lakini hubakiza joto hata ikiwa na unyevu, na haishiki harufu haraka. Kwa mtu anayetembea kutwa, mimi naichagua sufu.

Tabaka la pili linanasa hewa. Sweta la sufu, flisi, au kizibao cha manyoya ya bata. Zipu mbele ni muhimu kuliko unene, kwa sababu utaifungua na kuifunga mara kumi kwa siku.

Tabaka la tatu linazuia upepo na mvua, basi. Halihitaji kuwa zito. Linalohitaji ni kuruhusu mvuke wa mwili utoke. Ukivaa koti la plastiki tupu, mvua haitaingia lakini utalowa kwa jasho lako, na matokeo ni yaleyale. Kama koti lina zipu za kupitisha hewa chini ya makwapa, chukua hilo.

Vaa yote matatu kabla ya kulipa. Nyanyua mikono juu, kisha chuchumaa. Kiuno kikibaki wazi, koti ni fupi na upepo utaingia hapo. Likikubana kifuani, litaikandamiza hewa iliyo ndani ya sweta na utakuwa umepoteza kazi ya sweta.

Kwa mtu anayetembea, kipimo cha kuanzia ni hiki. Joto linalohisiwa likiwa kati ya 12 na 16, tabaka la kwanza na la tatu zinatosha. Kati ya 5 na 11, vaa yote matatu. Karibu na sifuri, ongeza suruali ya ndani, kofia na glavu. Chini ya 10 hasi, ongeza tabaka la pili jingine. Anayesimama kusubiri muda mrefu aongeze nguo moja juu ya hapo, na mtoto anayebebwa au kusukumwa kwenye kigari ahesabiwe kama aliyesimama, hata kama wewe unayemsukuma unatoka jasho. Kwenye kiti cha mtoto cha gari, mvue koti nene kwanza, ufunge mikanda, kisha umfunike juu. Koti likibaki ndani, mikanda huwa imelegea bila wewe kujua.

## Hatua ya 3: Miguu, mikono na masikio

Mwili ukipoa, hupunguza damu inayokwenda vidoleni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Vidole baridi mara nyingi ni ujumbe kutoka kifuani. Kabla hujanunua glavu nene zaidi, ongeza fulana. Hili limewashangaza watu wengi niliowaambia.

Miguuni, kosa kubwa ni soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Kiatu kikibana, damu haipiti na hewa haikai, hivyo unapata baridi kuliko ukivaa soksi moja. Kiatu cha baridi kinapaswa kukuachia nafasi ya kuchezesha vidole ukiwa umevaa soksi nene. Soli nene nayo si mapambo: ukisimama juu ya lami baridi, joto linaondoka kupitia nyayo.

Viatu vikilowa, vijaze karatasi, viache vikauke mbali na hita. Ngozi ikikaushwa kwa moto hupasuka, na baada ya hapo itaingiza maji milele.

Glavu zisizotenganisha vidole huhifadhi joto zaidi, kwa kuwa vidole vinapashana. Na kuhusu ile hadithi kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani, si kweli. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yako na hupoteza joto kwa kadiri hiyo. Kofia uvae bado, kwa sababu masikio hayana nyama ya kuyakinga.

## Hatua ya 4: Toka ukihisi baridi kidogo

Ningeambiwa nichague hatua moja ya kukufundisha, ningechagua hii.

Ukisimama mlangoni tayari kutoka na unahisi joto la kupendeza, umevaa kupita kiasi. Mwili unaotembea huzalisha joto zaidi kuliko uliotulia, na ndani ya dakika kumi utakuwa unatoka jasho. Jasho lile halitakuumiza ukiwa unatembea. Litakuumiza utakaposimama. Toka ukihisi ubaridi kidogo, ujipe dakika kumi. Kama bado unahisi baridi baada ya hapo, ndipo uongeze.

Njiani, fungua zipu kabla jasho halijaanza. Mteremko ukiisha na mlima ukianza, fungua shingo. Ukiongeza mwendo kulikimbilia basi, fungua koti lote.

Ukiingia ndani ya basi, treni au duka, fungua koti na uvue kofia ndani ya dakika ya kwanza, hata kama unashuka kituo kinachofuata. Najua inachosha. Wageni huketi wamejifunga vilevile kwa sababu wamechoka kuvaa na kuvua, au wanaona haya, na hapo ndipo fulana inapolowa. Ukifika kazini au darasani, vua tabaka la tatu mara moja na la pili ukianza kuhisi joto.

Kinyume chake nacho kina uzito uleule: ukisimama baada ya kutembea, funga zipu na uvae kofia papo hapo. Ukisubiri mpaka utetemeke, utatumia muda mrefu kurudisha joto ulilokuwa nalo.

Kipimo ni rahisi. Ukifika uendako, ingiza mkono chini ya fulana, katikati ya mabega. Pakiwa pakavu na pana vuguvugu, umevaa sawasawa. Pakiwa na maji, kesho punguza nguo moja au uwahi kufungua zipu. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili. Baada ya hapo mkono wako utakuwa unajua wenyewe.

## Hatua ya 5: Begi la siku

Weka begini vitu vitatu visivyotoka humo msimu mzima: soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki, skafu nyepesi, na fulana ya ndani ya akiba. Mfuko ule wa plastiki utabeba soksi zilizolowa wakati wa kurudi. Kubadilisha soksi mchana kunaweza kuigeuza siku mbaya kuwa ya kawaida kabisa.

## Hatua ya 6: Nyumba, ambako watu wengi huugua

Mgeni akiona baridi huziba kila tundu. Anafunga madirisha mwezi mzima, anaanika nguo chumbani, anapika bila kufunika sufuria, anaoga maji ya moto mlango ukiwa wazi. Baada ya wiki chache vioo vinatiririka maji, na nyuma ya kabati kuna kuvu jeusi. Kikohozi kinachofuata analaumu baridi ya nje.

Kinachotokea ni hiki. Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba hadi gramu 17 hivi za mvuke. Yenye nyuzi sifuri haivuki gramu 5. Hewa ya chumba chako ikigusa kioo au ukuta baridi, inashindwa kuushika mvuke wake na kuutua hapo. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 kitatua maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 12 au chini yake. Pembe za ukuta wa nje nyuma ya kabati hufika hapo kwa urahisi.

Namba hizohizo ndizo zinazoleta dawa. Hewa ya nje, hata siku ya mvua, ina maji machache kwa sababu ni baridi. Fungua madirisha wazi kabisa, ikiwezekana ya pande mbili, kwa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni. Hewa yenye unyevu itatoka, kavu itaingia, na kuta hazitapata muda wa kupoa. Usiliache dirisha wazi kidogo kutwa nzima. Hapo unapoza ukuta bila kubadilisha hewa vya kutosha.

Mengine ya nyumbani:

- Weka joto lisilopungua nyuzi 18. Ndicho kiwango Shirika la Afya Duniani lilichopendekeza mwaka 2018 kwa nyumba za nchi za baridi. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa huhitaji zaidi kidogo.
- Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 60. Kipimajoto chako kitakuambia.
- Sogeza kabati na kitanda sentimita kumi kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite.
- Anika nguo kwenye chumba kimoja, mlango umefungwa na dirisha limefunguliwa.
- Mapazia yafunge giza linapoingia, yafungue jua linapotoka. Yasifunike hita, maana joto lote litakwenda kwenye kioo.
- Tafuta upenyo wa upepo kwa kupitisha mgongo wa mkono uliolowa kandokando ya milango na madirisha. Utauhisi mara moja. Ziba hapo, lakini kamwe usizibe matundu ya kupitishia hewa yaliyowekwa makusudi na waliojenga, hasa chumba chenye kifaa cha kuchoma gesi.

Onyo ambalo sitaki ulipite haraka. Usiingize jiko la mkaa ndani ili kupasha chumba, wala usiwashe oveni ya gesi kwa kazi hiyo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukuhakikishii usalama. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na aliyelala hapati hata hizo. Kama watu wawili ndani ya nyumba mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja na mkitoka nje mnapata nafuu, tokeni wote, piteni kwenye hewa safi na mwite msaada.

Hita ya umeme iwekwe mita moja mbali na mapazia na kitanda, na ichomekwe ukutani moja kwa moja. Waya wa kuongezea hupata joto na unaweza kuwaka.

Umefaulu hatua hii vioo vikiwa vikavu saa moja baada ya kuamka.

## Hatua ya 7: Ngozi, pua na kiu

Rudi kwenye gramu zile. Hewa ya nyuzi sifuri iliyojaa mvuke, ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 20, inakuwa na unyevu chini ya asilimia 30. Ngozi, midomo na pua vinakauka kwa sababu hiyo.

Oga maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, kwa kuwa maji ya moto huondoa mafuta ya ngozi. Jifute kwa kugusagusa, upake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu ili maji yafungiwe ndani. Midomo usiilambe, mate yakikauka huiacha imekauka kuliko mwanzo.

Kunywa maji hata bila kiu. Baridi huipunguza hamu ya kunywa na wakati huohuo hukufanya uende haja ndogo mara nyingi. Mkojo wa njano iliyokolea ni ishara kwamba umechelewa.

Mafua hayaletwi na baridi yenyewe bali na virusi, navyo husambaa zaidi watu wanapojifungia pamoja ndani. Kunawa mikono na kufungua madirisha kunasaidia kuliko sweta la tatu.

Kuna watu wanaohitaji tahadhari zaidi. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu, apumulie puani, na dawa yake ya kuvuta aiweke mfuko wa ndani. Mwenye selimundu ajue kwamba kupoa ghafla kunaweza kuamsha maumivu makali; asitembee na nguo iliyolowa hata dakika chache. Mwenye shinikizo la damu alipime mara nyingi zaidi, kwa sababu mishipa hujikaza kwenye baridi. Na kama umetoka eneo lenye malaria, ukapata homa na kutetemeka wiki au miezi baada ya kuhama, usiseme ni hali ya hewa. Nenda hospitali na umwambie daktari wazi ulikotoka, maana huenda asiiwazie malaria.

## Hatua ya 8: Tafuta mwanga

Miji iliyo mbali na ikweta hupata siku fupi sana. London, kwa mfano, katika nusu ya pili ya Desemba hupata saa zisizofika nane za mchana. Wageni hujiandaa kwa baridi, giza likawakuta hawana mpango.

Toka nje asubuhi ndani ya saa mbili za kwanza za mwanga, nusu saa ikiwezekana. Hata anga likiwa limefunga, mwanga wa nje huushinda wa taa za ndani mara nyingi, na ndio unaouambia mwili ni asubuhi.

Vitamini D nayo hupungua, kwa kuwa jua la chini la msimu wa baridi halina miale inayoitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kupata kiasi kilekile. Uingereza inashauri mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi. Muulize mfamasia wa ulipo, na usizidishe.

Ukijikuta wiki mbili mfululizo huna hamu ya chochote, unalala kupita kiasi na unalia bila sababu, mwone daktari. Hali hiyo inajulikana na inatibika.

## Hatua ya 9: Kutembea juu ya barafu

Punguza urefu wa hatua, kanyaga kwa wayo mzima, uzito uwe mbele kidogo, mikono nje ya mifuko. Madaraja huganda mapema kuliko barabara kwa sababu hewa baridi inayapitia juu na chini. Hatari kubwa iko karibu na nyuzi sifuri, barafu inapokuwa na utando wa maji juu yake, na lami inayong'aa kama iliyolowa asubuhi ya baridi ichukulie kuwa ni barafu mpaka ujihakikishie.

## Hatua ya 10: Uzoeshe mwili

Tembea nje dakika 20 hadi 30 kila siku, hata siku mbaya, ukiwa umevaa vizuri. Baada ya wiki chache utatetemeka kidogo kuliko mwanzo na baridi ileile itaacha kukutisha. Nyumbani usipandishe joto hadi nyuzi 25. Utakuwa unauanzisha mwili upya kila ukitoka mlangoni.

Mazoea hayo hayakupi kinga dhidi ya madhara ya baridi, kwa hiyo dalili hizi zijue kwa moyo:

- Kutetemeka kusikozuilika, ulimi kuwa mzito, mikono kushindwa kufunga zipu, usingizi wa ghafla. Joto la mwili limeanza kushuka chini ya nyuzi 35. Mwingize mtu ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpe kinywaji cha moto kama anaweza kumeza, na uite msaada. Akiacha kutetemeka huku akizidi kuchanganyikiwa, hali imekuwa mbaya zaidi.
- Kidole au sikio lenye ganzi, gumu, lililopauka. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kijivu kama majivu. Usilisugue, wala usilisogeze kwenye moto, kwa sababu ngozi isiyohisi itaungua bila wewe kujua. Ukiwa mahali ambapo halitaganda tena, litumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 na uende hospitali.
- Pombe haipashi mwili. Inapanua mishipa ya ngozi, unahisi joto, kumbe joto la ndani linatoka.

## Hatua ya 11: Msimu unapogeuka

Siku ya kwanza ya nyuzi 17 kila mtu hufungasha makoti. Usifanye hivyo. Miji ya namna hii hurudisha baridi mara mbili au tatu kabla ya kuachia, na homa za mafua nyingi nilizoziona kwa wageni zilikuja wiki hizo. Ondoa kwanza suruali ya ndani, baada ya wiki glavu, na koti la nje libaki mlangoni mpaka upite mwezi mzima bila asubuhi ya chini ya nyuzi 5.

Nguo za sufu zifue kwa maji baridi na sabuni laini, zikaushe zikiwa zimelazwa, kwa kuwa zikitundikwa hurefuka. Ziwe kavu kabisa na safi kabla ya kuzifungia kwenye mfuko unaobana. Mabuu ya nondo hufuata sufu yenye jasho, na tundu dogo kwenye fulana ya ndani utaligundua asubuhi ya kwanza ya baridi inayofuata.